Umefikisha 65 Marekani: nani akusaidie kuchagua Medicare?

Miezi michache kabla mtu hajatimiza miaka 65 nchini Marekani, sanduku lake la barua huanza kufura. Zinaingia bahasha zenye picha ya bendera, bahasha zenye neno "muhimu" kwa wino mwekundu, kadi zinazomtaka apige simu kabla ya tarehe fulani. Nyingi hazikutoka serikalini, ila zimevaa sura ya serikali. Mzee aliyefanya kazi Dallas au Minneapolis miaka thelathini, na Kiingereza anakisoma bila shida, anazirundika kwenye mfuko wa plastiki na kumsubiri mwanawe Jumapili. Mwana anafika, anazipekua, naye anaishia kukuna kichwa.

Lugha si tatizo lenyewe. Wamarekani waliozaliwa huko huko nao hukwama. Ndiyo maana kila mwaka, msimu wa kuchagua bima ukikaribia, swali lile lile hurudi kwa ndugu zetu walioko ughaibuni: nitafute mtu wa kunisaidia, lakini mtu gani, na nani anamlipa? Nusu ya pili ya swali hilo ina uzito kuliko ya kwanza, na watu wengi hawaiulizi kabisa. Ila hatuwezi kuijibu kabla hatujajua kinachochaguliwa ni nini.

Medicare yenyewe

Medicare ni bima ya afya ya serikali kuu ya Marekani kwa watu wa miaka 65 na kuendelea. Wamo pia baadhi ya walio chini ya umri huo: waliopokea kwa miezi 24 malipo ya ulemavu ya Social Security, yaani mfuko wa serikali wa pensheni na ulemavu, na wagonjwa ambao figo zao zimeacha kufanya kazi. Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria yake tarehe 30 Julai 1965 katika mji wa Independence, Missouri, alikoishi Harry Truman, rais mstaafu aliyeitafuta bima ya taifa akaikosa. Truman ndiye aliyekabidhiwa kadi ya kwanza.

Usiichanganye na Medicaid. Hiyo ni ya watu wenye kipato kidogo, wa umri wowote, na kila jimbo lina masharti yake. Mzee mwenye kipato kidogo anaweza kuwa nazo zote mbili, na akiwa nazo gharama zake hushuka sana.

Medicare imegawanywa kwa herufi. Sehemu A inalipia kulazwa hospitalini. Sehemu B inalipia madaktari, vipimo na matibabu ya kwenda na kurudi. Sehemu D ni ya dawa unazochukua duka la dawa. Hadi hapo hakuna fumbo. Utata unaletwa na Sehemu C, ambayo wengi huidhania kuwa kitu cha kuongezea juu ya A na B. Sivyo. Sehemu C, kwa jina la biashara Medicare Advantage, ni njia nyingine ya kupata hizo hizo A na B, mara nyingi na D ndani yake, ila kupitia kampuni binafsi badala ya serikali moja kwa moja. Zaidi ya nusu ya wenye Medicare wako upande huo sasa.

Kwa hiyo uamuzi mkubwa ni mmoja: Medicare ya asili au Advantage.

Medicare ya asili ni kama ruhusa ya kuingia soko lolote nchini. Daktari yeyote anayepokea Medicare, na wengi mno wanaipokea, unamwendea bila kuomba kibali kwa mtu. Lakini ina matundu. Mwaka 2026, kila kipindi cha kulazwa unatoa kwanza dola 1,736 mwenyewe. Kwa Sehemu B unatoa dola 283 za mwanzo kwa mwaka, kisha asilimia 20 ya kila gharama, na hiyo asilimia 20 haina kikomo. Asilimia 20 ya kumwona daktari kwa kikohozi ni hela ya kawaida. Ya matibabu ya saratani ya mwaka mzima inaweza kula akiba ya maisha. Ndiyo maana kuna Medigap, bima ya nyongeza inayoziba matundu hayo kwa ada ya kila mwezi. Mipango yake nayo ina herufi, na katika majimbo karibu yote mpango G wa kampuni hii ni sawasawa na G wa kampuni ile, tofauti ni bei tu. Minnesota, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi, pamoja na Wisconsin na Massachusetts, wana mpangilio wao wa Medigap, kwa hiyo usichukue ushauri wa shemeji aliyeko Texas ukautumia Minneapolis.

Advantage ni kama kuwa na daftari kwenye duka la mtaani. Ada yake ya mwezi mara nyingi ni sifuri, na mwenye duka anakuongezea meno, miwani, pengine na vifaa vya kusikia. Kuna kikomo pia: mwaka 2026 hutatoa zaidi ya dola 9,250 kwa mwaka kwa madaktari walio kwenye mtandao wa kampuni, yaani walioingia nayo mkataba, na makampuni mengine huweka kikomo cha chini ya hapo. Lakini unanunua duka lile lile. Daktari wako wa moyo asipokuwa kwenye mtandao wao, unambadilisha au unalipa zaidi, na mipango mingine hailipi kabisa. Na kwa mambo makubwa, kama upasuaji au kipimo cha gharama, kampuni hutaka itoe kibali kwanza. Kibali hicho huchelewa. Wakati mwingine hukataliwa, ukakata rufaa.

Neno "sifuri" limewaponza wengi. Ukiwa na Advantage ya dola sifuri bado unailipa serikali ada ya Sehemu B, ambayo mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, au zaidi ikiwa kipato chako ni kikubwa. Sehemu A ndiyo isiyo na ada, na hiyo ni kwa aliyefanya kazi na kukatwa kodi ya Medicare kwa robo 40 za mwaka, yaani miaka kumi, au mwenzi wake wa ndoa. Si zawadi. Ile asilimia 1.45 iliyokuwa ikikatwa kwenye kila mshahara, na mwajiri akaweka kiasi kama hicho, ndiyo uliyokuwa ukilipia.

Dalali na asiye dalali

Aliyewahi kutafuta chumba cha kupanga Kinondoni au Kawangware anamjua dalali. Anaujua mtaa, anajua choo gani kinaziba na nyumba gani maji hayatoki. Anakuokolea siku tatu za kutembea juani. Lakini nyumba atakazokuonyesha ni zile ambazo mwenyewe ana makubaliano nazo. Nyumba nzuri ya jirani isiyompa kitu, hata mkiipita mlangoni, hatageuza shingo. Si lazima awe mwongo. Ndivyo kazi yake ilivyo.

Wakala wa bima wa Medicare ni dalali wa namna hiyo, tofauti ni kwamba yeye ana leseni na kanuni nyingi zimemzunguka. Hakutozi wewe. Kampuni ndiyo inayomlipa kamisheni, na serikali huweka kiwango cha juu. Kwa mwaka 2026, kumwingiza mtu mpya kwenye Advantage kunampa wakala hadi dola 694 katika majimbo mengi, na hadi nusu yake kila mwaka mtu huyo anapobaki. Ada ya mpango ni ile ile, ujiandikishe kupitia kwake au mwenyewe. Wakala mwingine anauza kampuni moja tu. Mwingine anauza nyingi. Kanuni zinamtaka aseme wazi kama hauzi mipango yote iliyopo eneo lako, na maneno hayo akiyasema harakaharaka kama mwisho wa tangazo la redio, mrudishe nyuma. Muulize: hapa kaunti yetu yapo makampuni mangapi, na wewe unayo mangapi?

Haruhusiwi kukubishia mlango bila kualikwa, wala kukupigia simu kama hukuomba. Kabla ya mazungumzo ya kuuza anapaswa kukusainisha karatasi inayotaja aina za mipango mtakayozungumzia. Zawadi zake hazitakiwi kuzidi thamani ya dola 15, na kwenye mkutano wa kuuza haruhusiwi kulisha watu mlo. Kwa hiyo mkiitwa ukumbini kwa pilau na biriani, kisha mipango ya bima ikaanza kuuzwa juu ya sahani, mjue kanuni imekwisha kuvunjwa, hata kama aliyewaita ni mtu wa nyumbani anayesema Kiswahili kitamu. Hasa kama ni mtu wa nyumbani, maana kwa mtu wa nyumbani tunaona haya kuuliza maswali.

Asiye dalali yupo, na watu wengi hawajawahi kusikia habari zake. Sheria ya mwaka 1990 ilianzisha ushauri wa bure wa Medicare katika kila jimbo, unaogharimiwa na serikali kuu. Kwa jumla huitwa SHIP, lakini kila jimbo limeubatiza jina lake, na hapo ndipo unapopotelea: California na Texas ni HICAP, New York ni HIICAP kwa herufi I mbili, Florida na Massachusetts ni SHINE, Washington ni SHIBA, Ohio ni OSHIIP, Minnesota ni Minnesota Aging Pathways, zamani Senior LinkAge Line. Washauri wake, wengi wao watu wa kujitolea waliopewa mafunzo, hawauzi chochote na hawapati kamisheni. Wanaketi nawe, wanaingiza dawa zako kwenye tovuti ya medicare.gov, wanakuonyesha mipango yote ya eneo lako, na wanaangalia kama unastahili kusaidiwa na serikali kulipa ada. Hilo la mwisho ni kubwa. Kuna misaada ya kulipiwa ada ya Sehemu B na ya kushusha gharama za dawa kwa wenye kipato kidogo, na wazee wengi wanaoistahili hawajawahi kuiomba kwa sababu hakuna wakala anayepata kamisheni kwa kuwaambia.

SHIP nao wana mapungufu. Kati ya Oktoba na Desemba foleni ni ndefu. Hawatakuambia "chukua hii", watakuonyesha na kukuachia uamuzi. Na ukishajiandikisha, kampuni ikikataa kulipa bili mwezi Machi, wakala mzuri atapiga simu kukugombania kwa sababu wewe ni mteja wake. Mshauri wa SHIP atakuelekeza jinsi ya kukata rufaa, lakini si mtu wako wa kila siku. Mimi nisingemkwepa wakala. Ningetangulia SHIP, nione mipango yote ilivyo, ndipo niende kwa wakala nikijua ninachotafuta, ili nisiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Wapo wengine wanaodhaniwa kuwa washauri. Ofisi ya Social Security ndiyo inayokuandikisha Sehemu A na B, lakini haishauri juu ya mipango ya makampuni. Simu ya serikali, 1-800-633-4227, inajibiwa saa 24 na unaweza kuomba mkalimani bila malipo. Namba za kwenye matangazo ya televisheni, zenye wazee mashuhuri wanaotabasamu, kwa kawaida zinakupeleka kwenye chumba kilichojaa mawakala. Na anayekupigia bila kutarajiwa akisema "natoka Medicare, nitajie namba ya kadi yako mpya", huyo ni tapeli. Kata simu.

Tarehe zisizosubiri

Kosa la mpango usiofaa linaweza kurekebishwa kila mwaka, kati ya 15 Oktoba na 7 Desemba. Kosa la tarehe ndilo linalomfuata mtu kaburini.

Una miezi saba ya kujiandikisha: mitatu kabla ya mwezi wa kutimiza 65, mwezi wenyewe, na mitatu baada yake. Anayepokea tayari malipo ya Social Security huandikishwa bila kuomba. Lakini kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, umri wa kupata malipo kamili ya uzeeni ni 67, hivyo wengi hufika 65 wakiwa hawajaanza kupokea, na hakuna anayewaandikisha. Wanasubiri barua ambayo haitakuja. Ukichelewa Sehemu B bila sababu inayokubalika, unaongezewa asilimia 10 kwa kila miezi 12 iliyopita, na nyongeza hiyo unailipa muda wote utakaokuwa na Sehemu B. Aliyechelewa miaka mitatu, kwa bei ya 2026, angelipa karibu dola 264 kwa mwezi badala ya 202.90. Kwa hiyo "nitajiandikisha nikianza kuugua" ni hesabu mbaya. Sehemu D ya dawa nayo ina adhabu yake ya kuchelewa, hata kwa asiyetumia kidonge chochote leo.

Sababu inayokubalika ni kuwa bado kazini, wewe au mwenzi wako, na bima ya kazini. Hapa pana mtego unaowahusu ndugu zetu hasa. Mwajiri akiwa na wafanyakazi 20 au zaidi, bima yake hulipa kwanza na unaweza kuahirisha Sehemu B. Akiwa na chini ya 20, Medicare ndiyo inayotarajiwa kulipa kwanza, na bima ya kazini inaweza kukataa sehemu hiyo. Wenzetu wangapi wanafanya kazi kwenye nyumba ndogo za kulea wazee na walemavu, zenye wafanyakazi kumi, kumi na wawili? Ukiacha kazi una miezi minane ya kujiandikisha, na bima ya COBRA unayojilipia baada ya kuacha kazi haisimamishi saa hiyo.

Medigap ina saa yake, na hii ndiyo ningemwomba kila mtoto amweleze mzazi wake polepole. Ukishakuwa na miaka 65 na Sehemu B, unapata miezi sita ambayo kampuni ya Medigap haiwezi kukukataa wala kukupandishia bei kwa sababu ya sukari, presha au moyo. Ikipita, katika majimbo mengi wanaweza kuuliza historia ya ugonjwa na kukataa. New York na Connecticut ni miongoni mwa majimbo machache yasiyo hivyo. Maana yake ni kwamba anayeingia Advantage akiwa na afya, akidhani atahamia Medicare ya asili na Medigap siku mambo yakiwa magumu, anaweza kukuta mlango umefungwa siku ile ile anayouhitaji. Aliyechagua Advantage kwa mara ya kwanza alipotimiza 65 ana miezi 12 ya kujaribu na kurudi bila kuulizwa afya. Baada ya hapo ni bahati ya jimbo lake.

Mzazi mwenye grini kadi

"Mimi nimelipa kodi miaka ishirini, kwa nini mama asipewe?" Swali hili lina uchungu ndani yake, na jibu lake halipendezi. Robo za mtoto aliye hai hazimhesabikii mzazi. Zinazohesabika ni zake au za mwenzi wake. Mzazi asiye na robo hizo, mwenye grini kadi, anaruhusiwa kununua Medicare baada ya kuishi Marekani miaka mitano mfululizo. Kwa 2026, asiye na hata robo 30 analipa dola 565 kwa mwezi kwa Sehemu A, na 202.90 kwa B, jumla dola 767.90. Anaweza kuchukua B peke yake. Na anayetakiwa kuilipia Sehemu A anaruhusiwa badala yake kutafuta bima kwenye soko la serikali, ile watu wanayoiita Obamacare, na kwa kipato cha aina fulani hiyo huwa nafuu. Hapa mshauri wa SHIP ana thamani kuliko wakala, kwa sababu jibu sahihi huenda lisiwe mpango wowote wa Medicare.

Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imebana zaidi. Wakimbizi na waliopewa hifadhi ambao hawana grini kadi wameondolewa kwenye orodha ya wanaostahili, na waliokuwa tayari ndani walipewa muda usiozidi miezi 18. Kwa wazee wa Kikongo waliopokelewa kama wakimbizi, makaratasi ya grini kadi yamekuwa sasa makaratasi ya hospitali pia.

Na anayepanga kurudi nyumbani

Medicare hailipi Nairobi. Hailipi Dar es Salaam wala Bujumbura, isipokuwa katika mazingira finyu sana yasiyotuhusu. Baadhi ya mipango ya Medigap, G na N ikiwemo, hulipa asilimia 80 ya dharura nje ya nchi ndani ya siku 60 za kwanza za safari, baada ya wewe kutoa dola 250 za mwanzo, na kikomo cha dola 50,000 kwa maisha yote. Inatosha kwa likizo, haitoshi kwa kustaafu. Mpango wa Advantage nao unaweza kukutoa ukiwa nje ya eneo lake zaidi ya miezi sita. Kwa anayehamia Kisumu moja kwa moja, kuna hesabu ya kufanya: aendelee kulipa ada ya B asiyoitumia, au aiache na kukabili adhabu siku akirudi Marekani kwa upasuaji?

Kwa hiyo siku ya miadi na mshauri, awe wa SHIP au wakala, mzee aende na kadi yake, chupa zote za dawa ndani ya mfuko, majina ya madaktari asiotaka kuwaacha, na jina la duka la dawa analolizoea. Na aseme kinywani mwake miezi mingapi kwa mwaka anakusudia kukaa Mombasa, kwa sababu hilo hataulizwa.